Barua kwa mwanangu: Alibadilika lini?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliusoma, nikaulalia, nikaamua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Umeniuliza mambo mawili ukayafunga pamoja. La kwanza, kama uchukue kazi ya usaidizi kwa huyo dada anayeutaka ubunge hapa Nairobi mwaka 2027. La pili, Mheshimiwa wangu, yule mbunge niliyekuwa msaidizi wake, alibadilika lini hasa, maana unasema tangu ukiwa mdogo umesikia nyumbani kwamba "alikuwa mtu mzuri kabla hajabadilika" na hakuna aliyewahi kukutajia siku yenyewe. Unataka kuijua ili huyo wako akianza, umwone mapema.

Siku hiyo haipo, baba. Nimekaa naye karibu kuliko mtu yeyote asiyekuwa wa nyumba yake, na siwezi kukutajia hata mwezi. Ninachoweza kukueleza ni habari zilizokuwa zikimfikia na jinsi zilivyokoma kumfikia. Nikimaliza utaona kwa nini silitumii sana hilo neno la kubadilika, ingawa nyanya yako ndiye aliyelizoea na sikuwahi kumbishia.

Mwaka 2002 nilikuwa mpiga chapa kwenye duka moja la uchapishaji karibu na River Road, wewe ukiwa bado mgongoni kwa nyanya yako. Mheshimiwa alikuwa diwani, anautaka ubunge huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Alikuja na manifesto ya kurasa nne. Nilimwambia kwamba hakuna mama wa soko la Gikomba atakayefunga kibanda kusoma kurasa nne, nikazikata mpaka ukabaki ukurasa mmoja, na fonti nikaikuza. Wenzangu walishtuka. Yeye alivuta kiti akauliza ni lipi jingine lisilosomeka. Wiki iliyofuata nilikuwa nafanya kazi kwake jioni, na kufikia Desemba nilikuwa nimeacha duka.

Usidhani kura ndiyo iliyokuwa vita mwaka ule. Vita ilikuwa tikiti. Baada ya tarehe 14 Oktoba, siku Raila Odinga alipotamka "Kibaki tosha" pale Uhuru Park, kumuunga mkono Mwai Kibaki awanie urais, kila mtu Nairobi alijua upepo unavumia upande wa NARC, muungano wa upinzani, na kila aliyekuwa na shati la kitambaa alitaka cheti cha chama hicho. Tulilala kwenye korido za ofisi za chama tukilinda jina letu lisifutwe kwenye orodha. Tarehe 27 Desemba akashinda. Tarehe 30 tulikwenda Uhuru Park kumwona Kibaki akiapishwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ile ajali ya kampeni. Umati ulikuwa umefurika hata itifaki ikavunjika. Mbunge wetu mteule hakupata kiti, akasimama na sisi juani huku watu wakimkanyaga viatu, akicheka. Ile picha ya kucheka ndiyo watu huitaja wakisema alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mzuri, sikatai. Lakini pia siku ile hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Sasa kazi yenyewe. Ukiwaambia watu wewe ni msaidizi wa mwanasiasa watadhani unaandika hotuba. Hotuba ni sehemu ndogo sana. Mimi nilikuwa mtu wa daftari. Daftari langu lilikuwa na majina ya watu, mtaa, mtoto wa ngapi yuko shule gani, nani amefiwa, nani ameahidiwa nini na lini. Tukishuka garini Shauri Moyo au Jericho, natembea nyuma ya bega lake la kushoto namnong'oneza: huyu ni mama wa yule kijana aliyeumia kwenye matatu, muulize mguu. Anauliza mguu. Yule mama atalisimulia hilo mwaka mzima. Unaweza kuona ni ujanja, na ni ujanja kweli, ila pia lilikuwa na faida ambayo wewe hutaiona mpaka uifanye: kwa kuwa alijua ataulizwa, alilazimika kukumbuka, na kwa kukumbuka alijikuta anajali. Nimemwona akiamka usiku kunipigia kuuliza kama yule mtoto alipokelewa shule.

Nilibeba simu yake ya pili, ile ambayo namba yake ilikuwa kwa kila mtu. Nilibeba noti za hamsini na za mia kwenye bahasha. Na Ijumaa nilikuwa mochari. Hapo ndipo msaidizi wa mbunge wa Nairobi huishi, mwanangu, usishangae. Ijumaa ndiyo siku maiti huchukuliwa kusafirishwa mashambani, na familia ikikwama na bili, au basi likikosa pesa za mafuta, simu inayolia ni ya mheshimiwa. Ukiisoma Katiba ya 2010, Kifungu cha 95 kinasema Bunge la Taifa huwakilisha wananchi, hutunga sheria, hugawa fedha na husimamia serikali. Ya zamani nayo haikutaja mochari. Lakini mpiga kura hajawahi kumwondoa mbunge kwa sababu alikosa kujadili mswada. Humwondoa kwa kukosa matanga.

Bungeni nako kulikuwa na raha yake. Unajua Kiswahili kilianza kutumika mle ndani mwaka 1974, na kanuni ni kwamba ukianza hoja yako kwa lugha moja uimalize kwa hiyo hiyo. Mheshimiwa alikuwa na hotuba niliyomwandalia kwa Kiingereza, imejaa takwimu za maji na majitaka. Aliposimama, Spika Kaparo akiwa kitini, furaha ikampanda akaanza: "Bwana Spika, nakushukuru kwa nafasi hii." Basi, amejifunga. Alipofika kwenye takwimu akachomeka neno la Kiingereza, na mara mbunge wa upande wa pili akasimama kwa hoja ya nidhamu. Nilikuwa nimekaa roshani ya wageni nikitamani kumrushia kamusi. Bahati yetu Bunge halikuwa likirushwa moja kwa moja kwenye runinga miaka hiyo. Tangu siku hiyo kila hotuba niliiandika mara mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, nikamwekea zote mbili mfukoni. Kama huyo dada yako anapenda kuongea bila karatasi, lijue hilo mapema.

Nikupeleke sasa mahali ninapoamini mambo yalianza kugeuka, na utaona si ndani ya mtu. Ni mwaka 2003, sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipopitishwa, ile tunayoiita CDF. Serikali itenge angalau asilimia 2.5 ya mapato yake ya kawaida, robo tatu zigawanywe sawasawa kwa maeneo bunge yote 210, robo iliyobaki ifuate umaskini. Mwaka wa kwanza kila eneo lilipata shilingi milioni 6. Kwa jimbo la Nairobi lenye watu kama siafu, ukishajenga vyoo vya shule mbili na kugawa basari, zimekwisha. Lakini mwananchi hakusikia hesabu hiyo. Alisikia mamilioni yameingia kwa mheshimiwa. Na sheria ile ya kwanza ilimpa mbunge mwenyewe uwezo wa kuiunda kamati ya kuzigawa, kwa hiyo mwananchi hakuwa amekosea sana.

Kabla ya CDF, foleni ya Jumamosi ofisini kwetu ilikuwa ya watu wenye malalamiko. Kanjo, askari wa jiji, wamechukua mkokoteni wangu. Mwenye nyumba ametoa mlango. Bomba limepasuka, diwani hapokei simu. Malalamiko yana faida, humfundisha mbunge hali ya mtaa. Baada ya CDF foleni ikawa ya watu wenye maombi. Fomu ya basari, kandarasi ya kupaka rangi, kazi kwenye kamati. Mwenye malalamiko hukwambia ukweli maana hana cha kupoteza. Mwenye ombi hukusifu kwanza. Mheshimiwa alikuwa anakaa benchi moja na watu wake kila Jumamosi kama zamani, saa zile zile, lakini sasa alikuwa akinywesha masikio yake sifa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mtu yeyote angelewa. Hata wewe, hata mimi.

Foleni ilipokuwa ndefu ikabidi pawe na mlinzi wa mlango, kisha msaidizi wa pili wa kumsaidia mlinzi wa mlango kuamua. Na hapo akaja yule ambaye sitamtaja jina, mfanyabiashara mwenye gari kubwa, ambaye hakupanga foleni hata siku moja. Alikuwa analipa mafuta ya msafara wetu. Hakuna aliyemwomba, ndivyo ilivyo, alianza tu. Alilipa viti vya mkutano, akalipa fulana, akalipa bili ya chakula cha wazee. Kwa muda mrefu hakuomba kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko kama angeomba. Mwishowe aliomba barua moja, ya mheshimiwa kumtambulisha kwa ofisi fulani kuhusu kiwanja. Barua ililetwa kwangu niichape. Nikaichapa bila kuiweka sahihi, nikampelekea mheshimiwa mkononi nikamweleza kiwanja chenyewe ni kile watoto wanachochezea mpira nyuma ya soko. Akaniangalia kitambo. Akaichana. Ndiyo, aliichana, mwaka 2004 hiyo, ndiyo maana nakwambia hilo neno la kubadilika ni refu mno kwa miguu yake.

Lakini mwaka uliofuata barua kama ile haikupitia kwangu. Ilichapwa kwingine. Mimi nilikuja kuiona imeshakwenda. Yeye aliweka sahihi bila kujua ni uwanja gani, naamini hivyo mpaka leo, kwa sababu aliyekuwa akijua hakuwa mle chumbani. Unaona tofauti? Ni mtu yule yule, kalamu ni ile ile.

Kisha ikaja Novemba 2005. Kura ya maoni ya rasimu ya Katiba, chungwa alama ya La na ndizi ya Ndiyo, serikali iliyotaka Ndiyo ikashindwa tarehe 21. Siku mbili baadaye Kibaki akavunja baraza lote la mawaziri. Mheshimiwa wetu wakati huo alikuwa akitajwatajwa magazetini miongoni mwa vijana wanaopanda, na wapambe wakamhakikishia kwamba uwaziri ni wake. Wiki mbili zile, mwanangu, sitaki kuzikumbuka. Hakutoka nyumbani. Simu aliibeba mpaka bafuni. Alinunua suti. Mikutano ya jimbo niliifuta yote, matanga nilikwenda peke yangu na salamu zake. Orodha ilipotangazwa Desemba jina lake halikuwemo, na kilichomuuma zaidi ni kwamba baadhi ya walioitwa walikataa nafasi zao hadharani, yeye aliyekuwa amevaa tayari hakuitwa.

Baada ya hapo alianza kuuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza zamani: nani ananipiga vita? Ukilisikia swali hilo, shika kichwa. Kwa sababu watu walio karibu na mwanasiasa huishi kwa kumletea jibu la swali lake. Zamani aliuliza "mtaani kuna nini", tukamletea mtaa. Sasa aliuliza maadui, na kila mtu akaenda kumtafutia adui. Waliokosa wa kumleta waliletana wenyewe kwa wenyewe. Mimi niliwahi kuletwa.

Mwaka 2007 ulinikuta bado nipo, lakini kwa pembeni. M-Pesa, ile huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa imezinduliwa Machi mwaka huo, bado changa, na nilishaona itakavyofanya kazi yetu. Zamani mtu akiomba nauli ilibidi aje, umwone uso, umuulize habari za kwao. Sasa unaweza kumtumia mia mbili bila kujua mtaa wake una maji au hauna. Nadhani wewe utalikuta hilo limekuwa kubwa mara mia. Lakini nilichotaka kukusimulia ni viti.

Kabla ya mchujo wa chama Novemba ile kulikuwa na mkutano wa hadhara. Aliporudi garini, wapambe wakawa wanashindana: elfu ishirini, mmoja akasema, mwingine akasema elfu thelathini. Mimi ndiye niliyekuwa nimekodi viti. Vilikuwa mia nane, na safu za nyuma zilikuwa wazi, na waliosimama pembeni wengi walikuwa vijana tuliowaleta kwa mabasi kutoka nje ya jimbo. Nikamwambia hivyo mbele yao, kwa sababu nafasi ya kumwambia peke yake sikuwa nayo tena. Alinyamaza. Kisha akamwambia dereva aongeze sauti ya redio.

Mchujo alishindwa. Akachukua cheti cha chama kidogo ambacho hata mimi nililazimika kusoma jina lake kwenye karatasi, kama walivyofanya wengi mwaka ule, akaenda debeni tarehe 27 Desemba akashindwa tena, vibaya. Ghasia zilizofuata Kenya nzima unazijua. Ya mtaa wetu wiki zile, na alivyotusaidia yeye mwenyewe kuvusha familia usiku wakati hana tena cheo wala walinzi, nitakueleza ana kwa ana, hayaandikiki. Ila uyaweke kwenye mizani unapomhukumu. Februari 2008 mkataba wa amani ulipotiwa sahihi mimi nilikuwa nimesharudi kwenye uchapaji.

Sasa huyo dada yako. Umeniambia alikuwa barabarani nanyi kwenye maandamano ya Juni 2024, anaongea vizuri, hana pesa na hana baba wa kisiasa. Nampenda kabla sijamwona. Lakini kutokuwa na pesa si sifa ya kudumu katika kampeni, kuna mtu atalipa mafuta. Muulize ni nani, na umuulize sasa, kabla hujaanza, kwa sababu ukiwa ndani swali hilo litaonekana ni la adui. Akikasirika kuulizwa, umepata jibu la swali lako la pili bila kungoja miaka mitano.

Umwombe pia jambo moja ambalo mimi sikuwahi kupewa: saa moja kila wiki, wewe na yeye tu, bila simu, ambayo haifutwi hata akiitwa Ikulu. Katika saa hiyo umpelekee mabaya tu. Mazuri ataletewa na wengine, usihangaike nayo. Na usingoje uwe na ushahidi wa kutosha. Mimi viti nilivihesabu sawasawa, lakini habari ya viti ikisemwa mwezi mmoja kabla ya mchujo haimsaidii mtu.

Bahasha usibebe. Najua nimekwambia mimi nilibeba, lakini leo kuna Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, nayo inamtaja anayehonga mwenyewe na anayehonga kwa kumtumia mtu mwingine. Huyo mtu mwingine huwa ni kijana wa umri wako mwenye digrii. Pesa yoyote ya kampeni ikipita mkononi mwako iwe na karatasi yenye sahihi mbili, na nakala uje uiweke hapa nyumbani. Siku ya kura usishinde ukipiga picha za foleni na kuzituma mitandaoni. Hakikisha kila ajenti wenu anatoka kituoni na nakala ya fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo hicho. Uchaguzi wa ubunge hupotelea kwenye fomu hizo kuliko unavyopotelea kwenye hotuba.

Mheshimiwa mwenyewe yu hai, tunakutana matangani. Amenenepa, ana mzaha, na akiniona bado huninong'oneza niwe nyuma ya bega lake nimwambie yule anayekuja ni nani. Mara nyingi namwambia. Mwezi uliopita alikuulizia, nikamwambia unafikiria kuingia kwenye siasa kwa mlango wa jikoni. Akasema umpigie kabla hujasaini. Mpigie, atakueleza upande wake, na sehemu nyingine atanipinga.

Limebaki la mshahara. Umeandika kwamba "mtaelewana mbele ya safari". Hapana. Kampeni huisha na deni, na wa kwanza kusamehewa ni yule asiyedai, yaani wewe. Aandike barua ya kazi yenye kiasi, tarehe ya kulipwa, na kitakachotokea akishindwa tarehe 10 Agosti 2027. Uchaguzi ni Jumanne. Alhamisi yake utahitaji kodi ya nyumba. Nitumie hiyo rasimu niisome kabla hujaweka sahihi, na usinitumie picha ya simu iliyopinda, itume kama faili nipate kuichapisha.

Mamako